Nzi Mmoja, Salamu Maria Moja

Soweto, Mbeya
Jumapili, 6 Agosti 2023

Mama Yusta,

Leo zimetimia wiki tano tangu niondoke Madibira. Niliondoka tarehe mbili Julai, Jumapili kama leo, ninyi mkiwa kanisani. Najua hukupenda nilivyoondoka. Mimi pia sikupenda, ila miguu ilikuwa imeshatangulia.

Barua hii anakuletea Sedekia, binamu yako wa lori la mchele. Alinikuta huku Soweto akishusha magunia, akaniuliza, "Shemeji, mke wako anajua kama uko hai?" Nikamwambia, basi mwambie. Akasema, "Mimi nabeba mchele, sibebi maneno ya watu. Andika." Ndiyo naandika. Simu yangu ilianguka, kioo kimepasuka, haifai kitu. Usihangaike kupiga.

Kazi nimepata. Usicheke. Natengeneza nzi.

Ni karakana ya Mzee Himmat, nyuma ya duka lake la vyombo. Anayesimamia ni mkwewe, dada Hetal. Kuna wanawake sita wanafunga manyoya ya shingo ya jogoo kwenye ndoano ndogo kuliko ukucha wangu, wanazungusha uzi mpaka kitu kinafanana kabisa na mdudu. Wanunuzi ni wazungu wa huko kwao, na wengine wanaokuja Mufindi kuvua kwenye mabwawa ya mashamba ya chai. Samaki anadhani ni mdudu kaanguka majini, anameza. Halafu nasikia wengine wakishamtoa samaki wanamwangalia tu na kumrudisha. Niliuliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Mimi sifungi, vidole vyangu vimezoea jembe. Mimi ni wa rangi. Kichwa cha nzi kikishapakwa vanishi na kukauka, naweka macho. Situmii brashi. Natumia pini iliyochomekwa kwenye kijiti. Pini ya kichwa kikubwa ni ya tone la njano, na papo hapo pini ndogo ni ya tone jeusi katikati. Upande huu na upande huu. Rangi ikiingia kwenye tundu la kupitishia uzi, nzi huyo ameharibika.

Muda sijapangiwa na mtu, nimejipangia mwenyewe. Nzi mmoja, Salamu Maria moja. Nikisema "Salamu Maria" pini inachovya, na nikifika "saa ya kufa kwetu" macho yote mawili yawe yamekaa. Nikichelewa, huyo namtupa pembeni simhesabu. Kwa siku nafikisha mia tisa. Dada Hetal ananiuliza, "Vitus, nani anakukimbiza?" Namwambia hakuna.

Jicho la Yusta linaendeleaje? Mwambie asilikune.

Ni mimi, Vitus

*

Madibira
Ijumaa, 11 Agosti 2023

Baba Yusta,

Kamwene. Barua yako imefika Jumanne, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwauliza watu wa mabasi kama kuna maiti imeokotwa njiani. Mungu akusamehe.

Unauliza jicho. Jicho ni baya. Suke la mpunga lilimchoma siku ile mnapiga mpunga, sasa ni wiki ya saba, na lile doa jeupe ulilolikimbia limekuwa kubwa. Jumatatu nilimpeleka kituo cha afya. Daktari akamulika tochi. Akasema kuna kidonda juu ya kioo cha jicho na kila siku kinachimba. Ameandika karatasi twende kwa madaktari wa macho huko huko Mbeya uliko. Alisema haraka, nisingoje wiki mbili. Aliniuliza, "Mama, kuna kitu mliweka humu?" Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema hakuna, daktari. Nilikufichia.

Sasa sikiliza. Barua yako niliisoma mbele ya mama yako. Nilipofika pale pa Salamu Maria mia tisa kwa siku, alishika kifua. "Mwanangu anasali! Mia tisa! Soma tena." Nikasoma tena. Jana jioni kwenye sala za jumuiya, Mama Verediana mwenyekiti aliniomba nikisome kipande kile mbele ya watu. Mzee Anord akasema, "Vitus yupi? Huyu anayesinzia mahubiri yakianza?" Watu wakacheka. Halafu Mama Verediana akasema, "Mwanaume ameacha nyumba yake akajifunga kumwombea mtoto, na anafanya kazi huku anasali. Sisi tulisema amekimbia. Tuombe msamaha." Tukaomba msamaha, Baba Yusta. Mimi nililia. Nilikuwa nimekusema vibaya.

Ila mama yako ameshika jambo moja hataki kuliachia. Anasema mtoto ni wa ukoo wenu, hawezi kupelekwa kukatwa jicho bila neno la baba yake. Na anasema sala ya namna hiyo ikishaanza isikatizwe, tukikimbilia kisu tutakuwa tumemwambia Mungu hatumwamini. Nami nikuambie ukweli, nilitulia kidogo niliposikia hivyo. Nilichoka kuogopa peke yangu.

Yusta ameanza kuhesabu. Jioni anakaa mlangoni, kitambaa jichoni, ananiambia, "Mama, saa hizi baba amefika mia nane."

Tuandikie neno lako kuhusu karatasi. Wewe uko hapo hapo alipo daktari. Ulizia hata siku zao za kuona wagonjwa.

Mkeo, Tekla

*

Soweto, Mbeya
Jumapili, 20 Agosti 2023

Mama Yusta,

Wiki ya saba leo. Barua yako Sedekia alinipa Jumapili iliyopita, nimekaa nayo wiki nzima. Usifikiri sikuisoma. Naweza kukutajia maneno yake bila kuangalia.

Hapa kazi imekaza. Tuna oda ya mzungu mmoja, nzi elfu sita, na macho yote ni yangu. Dada Hetal hawezi kuniachia kabla haijaisha, na haitaisha kabla ya katikati ya Septemba. Ningekuja kesho kama si oda hii.

Nimeongeza mwendo. Sasa nafikisha elfu moja na mia moja kwa siku. Joyness, huyu anayefunga mabawa, ananiita padri. Juzi alisema mbele ya wenzake, "Baba Padri, kwa kasi hiyo hebu niondolee na dhambi zangu za jana, maana ni fupi." Mwingine akadakia, "Za kwako fupi? Utamchelewesha mpaka Krismasi!" Walicheka mpaka manyoya yakapeperuka mezani. Mimi sikuinua kichwa. Nikiinua kichwa nakuta nimechelewa.

Mkono unauma hapa kati ya kidole gumba na cha shahada. Asubuhi vidole havifunguki mpaka nivimiminie maji ya moto. Vanishi nayo inapanda kichwani, usiku nikifumba macho naona matone ya njano yamejipanga. Si kwamba nalalamika. Nakueleza tu.

Kuhusu karatasi ya daktari nimesikia. Nimefikiri. Mama ameona mengi kuliko sisi, amelea watoto saba. Msikilizeni mama kwanza, nikimaliza oda nitakuja tuzungumze. Mwambie Yusta asichoke.

Vitus

*

Madibira
Ijumaa, 25 Agosti 2023

Vitus,

Naandika haraka, Sedekia ameshawasha gari.

Yusta hatulii. Analala amekaa, kichwa magotini, kwa sababu akilaza kichwa jicho linapwita. Jana nilimwekea kidole mbele ya jicho lile nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona mwanga wa dirisha, basi. Na sasa jicho la pili, lile zima, nalo linatoa machozi na halitaki jua. Nilirudi peke yangu kumwuliza daktari wa kituo. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mjinga. "Mama, bado hamjaenda?"

Nilimwomba mama yako karatasi. Ameiweka ndani ya kitabu chake cha sala na kitabu anakilalia. Anasema, "Baba yake ameandika nisikilizwe mimi. Unataka kusoma tena?" Kweli umeandika. Ni mwandiko wako.

Hata Mama Verediana sasa ameanza kuniambia, dada, nenda hospitali, Mungu hakasiriki. Mama yako anamjibu, "Kwani Vitus ameacha kusali?"

Sijakuuliza habari ya yale majani. Sikuuliza ulipomkamulia jichoni, wala ulipoyatupa choo cha nje mtoto alipoanza kupiga kelele. Sitakuuliza. Nataka neno moja tu kutoka kwako. Andika: mpelekeni. Liandike hata kwenye karatasi ya sigara. Nitalisoma mbele ya mama yako na asubuhi yake tutakuwa kwenye basi.

Na Sedekia ameniambia simu yako anaiona mfukoni, inawaka vizuri.

Tekla

*

Soweto, Mbeya
Jumapili, 27 Agosti 2023

Mama Yusta,

Wiki nane. Nilianza barua nyingine nikaichana, kisha nyingine tena.

Bado nzi elfu mbili. Nakimbia nao. Nimepunguza hata muda wa kula, nakula ugali nimesimama, nikirudi nakuta rangi bado haijakauka. Subirini kidogo tu. Nikimaliza hawa kila kitu nitakiweka sawa.

Usimkasirikie mama.

Vitus

*

Madibira
Ijumaa, 1 Septemba 2023

Kwa Bosi wa karakana ya nzi,

Shikamoo. Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana. Mimi naitwa Tekla, ni mke wa Vitus anayepaka macho hapo kwako. Mleta barua ni Sedekia, anapafahamu.

Naomba kwa heshima umruhusu mume wangu siku tatu tu. Najua mna oda ya nzi elfu sita na kwamba huwezi kumwachia kabla haijaisha. Lakini tuna mtoto wa miaka tisa, jicho lake linaharibika, anatakiwa kwa madaktari huko Mbeya, na wazee wa huku wanangoja neno la baba yake. Anamsalia Salamu Maria elfu moja na zaidi kila siku akiwa kazini, nashukuru kwa kumvumilia. Ila sasa namhitaji kwa miguu yake.

Kama siku tatu ni nyingi, basi mbili. Nitakuja mwenyewe kupaka hayo macho mkinifundisha, ili kazi isilale.

Wako mtiifu,
Tekla, Mama Yusta

*

Soweto, Mbeya
Jumatatu, 4 Septemba 2023

Mama Yusta,

Salamu. Mimi ni Hetal. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikafunga mlango wa ofisi nikaisoma tena. Sina njia ya kulainisha ninayotaka kukuambia, kwa hiyo nasema moja kwa moja.

Oda ya elfu sita iliisha tarehe kumi na nane Agosti. Vitus aliimaliza kabla ya siku niliyomwahidi mteja. Siku ile ile nilimwambia, "Vitus, nenda kwenu ukapumzike, kazi nyingine ni Oktoba." Aliniomba nisimfukuze. Nilidhani hana kwao. Hakuwahi kutaja mke wala mtoto hapa, hata siku moja.

Tangu siku hiyo hakuna oda ya macho. Anachofanya, anachukua lile boksi la nzi walioharibika, anawakwangua macho kwa wembe, anawapaka upya. Wakikauka anawakwangua tena. Nzi wale wale. Wanawake wa hapa mwanzo walikuwa wanamtania, sasa wanapita mbali na meza yake. Nilifikiri amefiwa.

Na kuhusu sala. Mimi si Mkristo, ila nilisoma kwa masista na Salamu Maria naijua mpaka mwisho. Niliwahi kumwuliza anamwombea nani. Akasema, "Si sala, dada. Ni saa. Saa ya mkononi sina." Nikamwambia ukutani ipo. Akasema ile ya ukutani inaenda taratibu mno.

Barua yako nimemwekea mezani jana asubuhi, hii ya kwangu sijamwonyesha. Aliisoma yako akiwa amesimama. Akakaa akaendelea kukwangua.

Mimi ni mama pia. Usimsubiri. Mlete mtoto.

Hetal

*

Madibira
Ijumaa, 15 Septemba 2023

Vitus,

Tumerudi nyumbani juzi Jumatano. Nakuandikia ujue yaliyotokea, maana ni haki yako kuyajua.

Barua ya dada Hetal ilifika Jumanne tarehe tano. Niliisomea mama yako yote, sikuruka kitu. Nilipomaliza hakuuliza nisome tena. Alifungua kitabu chake cha sala, akanipa karatasi, akaenda kukaa nje upande wa kuku. Asubuhi tulikuwa kwenye basi, mimi na Yusta. Mama yako alitusindikiza mpaka stendi na njia nzima alikuwa anamfunga Yusta kitambaa na kukifungua, anakifunga na kukifungua.

Daktari wa macho ni mama mmoja mtu mzima, mpole. Aliniuliza kama kuna kitu kiliwekwa jichoni. Nikasema ndiyo, maji ya majani, baba yake alimkamulia jioni ile ile alipochomwa, kwa kuwa babu yake naye alikuwa anafanya hivyo. Hakufoka. Aliandika tu. Nikamwuliza, tungekuja mwanzo wa Agosti? Akasema wangejaribu dawa ya matone kila saa, usiku na mchana, na wapo ambao jicho lao linabaki. Hakuahidi. Alisema wapo.

Ijumaa tarehe nane walilitoa. Walisema likibaki uchafu wake utaendelea ndani. Jicho la kulia ni zima, wamelipima, anasoma mpaka mstari wa mwisho ukutani.

Sasa nikueleze jambo ambalo limenishinda. Jioni kabla ya kufanyiwa, tumekaa kitandani, Yusta akaniuliza, "Mama, hapa si Mbeya? Baba si yuko mji huu?"

Nikasema ndiyo.

"Anajua tuko hapa?"

Nikasema hajui. Nilikuwa najiandaa kumwambia kwamba nitakuita. Soweto siyo mbali, ningeweza hata kutembea.

Akanishika mkono. "Basi usimwambie. Atapoteza hesabu."

Ndiyo maana sikuja kukutafuta. Sikukuficha kwa hasira, ingawa hasira ninayo na itakaa. Niliogopa akikuona kabla ya kisu ataelewa kwamba hukuwa unasali, na akielewa hatakubali kulala kwenye kile kitanda. Aliingia kule ndani akiwa anaamini.

Bado anaamini. Watoto wenzake wanamwuliza kama Mungu alikataa, yeye anawajibu kwamba hapana, Mungu alikuwa anataka mawili, baba yake kwa kusali ameokoa moja. Amelitunga mwenyewe. Mama yako akilisikia anaondoka. Jumuiya nzima inajua ilivyo, kwa kuwa nilimwambia Mama Verediana na Mama Verediana hana kifuniko, lakini mtoto hakuna aliyemwambia. Watu wanamtazama na kuangalia chini.

Mimi sitamwambia. Nilishamdanganya daktari mmoja kwa ajili yako, yaliyobaki ni yako.

Tekla

*

Soweto, Mbeya
Jumapili, 17 Septemba 2023

Tekla,

Leo zimetimia wiki kumi na moja tangu niondoke. Barua yako nimeipokea asubuhi kwa Sedekia. Hakuniita shemeji. Alinipa akarudi kwenye gari.

Niliishia darasa la tano, unajua, na kuandika kwangu ni kwa shida. Lakini barua zote nilizokuandikia kabla ya hii nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kusema. Hii sitafuti.

Yale majani niliyachuma mwenyewe pale karibu na mfereji. Hukuwepo, ulikuwa umekwenda kusaga. Yusta alisema, baba, yanawasha, nikamshika kichwa nikasema tulia. Nikatia mara ya pili kwa sababu nilidhani ya kwanza imemwagika. Asubuhi nilipofungua kope nikaona weupe, nilijua. Kabla yako, kabla ya daktari. Nilikaa naye siku hizo chache nikimwambia itapona huku najua. Jumapili mlipokwenda misa nikachukua begi.

Hapa nilipopewa kazi ya kuweka macho nilitaka kukataa. Nikaogopa kuulizwa kwa nini. Siku ya kwanza nilikwenda polepole, na kila nzi niliyemshika alikuwa ananiangalia. Nikagundua nikiharakisha haniangalii, ninakuwa nimeshamweka chini. Kwa hiyo nikatafuta kitu cha kunikimbiza. Salamu Maria ndiyo maneno pekee ninayoyajua kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kufikiri. Sikusali hata moja, Tekla. Katika maelfu yote yale hakuna hata moja niliyompelekea mtu. Nilikuwa napima muda tu. Ungenifundisha wimbo wa shule ningeimba huo.

Ulipoandika kwamba jumuiya imeniomba msamaha, nilielewa mara moja mlivyoelewa. Ilikuwa mstari mmoja tu kusahihisha. Sikuuandika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile mtu kunitaja vizuri, na wewe ulikuwa umelia kwa ajili yangu, na mama alikuwa ameshika kifua. Nikasema niache wiki moja. Halafu nikakuandikia msikilizeni mama, kwa kuwa nilijua mama atasema msubiri, na mkisubiri hakuna daktari atakayeuliza nani aliweka kitu. Hilo ndilo nililofanya. Majani nilitia kwa ujinga. Hili nilifanya nikiwa na akili zangu zote.

Neno mpelekeni niliandika mara tatu. Ya tatu nilikuwa nimeshaikunja. Nikaona nikimpa Sedekia nitakuwa nimekiri kwamba kuna kitu cha kutibiwa, na kwamba sala haipo. Nikaichana.

Barua yako kwa dada Hetal niliisoma. Nilifika pale uliposema utakuja kupaka wewe mwenyewe ili kazi isilale. Sijui hata nilifanya nini mchana ule. Joyness anasema nilikwangua mpaka nikajikata na sikujua, nzi wote wakawa wekundu. Aliniondolea wembe mkononi, akasema, "Kaka Vitus, nenda kwenu, hata kama watakupiga." Hakuniita padri.

Jana, kabla ya barua yako, nilijaribu kusali moja ya kweli, kwa ajili yake. Nilipiga magoti kabisa. Nilipofika Amina nikaona nimeimaliza kwa muda ule ule wa nzi mmoja, na kidole gumba na cha shahada vimekutana kama vimeshika pini. Nikajaribu tena, ni vile vile. Sijui kama sala itanirudia.

Sasa nakuomba, ingawa sina haki. Barua hii Sedekia ataondoka nayo kesho. Alhamisi jioni mpe Mama Verediana aisome kwenye jumuiya, yote, na ya majani, na ya mama. Mzee Anord naye awepo. Sitaki kufika nikakuta kuna mtu ambaye bado ananidhania vizuri, maana nitamshikilia huyo, najijua.

Ila Yusta asiwepo. Yeye nitamwambia mimi. Nitamwambia hakuna hesabu iliyokuwepo, na jicho lile halikuokolewa na mtu, na hili la kulia alilibakiza mama yake aliyempeleka. Najua nitakuwa namnyang'anya kitu cha pili. Nimefikiri siku nzima kama ni afadhali nimwachie uongo wake akue nao, na nimeona kwamba ni mimi tena ninayetaka kupumzika. Atauliza. Atauliza sana, unamjua. Nitakaa hapo mpaka maswali yaishe, na akisema niondoke mbele yake nitatoka nje lakini sitaondoka kijijini. Kama hata wewe hutaki nilale ndani, kuna ghala la mama. Kama mama naye hataki, Sedekia ana gari.

Dada Hetal nimeshamuaga. Lile boksi amelifunga.

Nitapanda basi la asubuhi. Nitafika Madibira Ijumaa hii, tarehe ishirini na mbili Septemba, mchana, na nitatembea kutoka stendi kwa njia kubwa.

Vitus